Blanketi za Mstari Mweusi

Watu wa chumba cha kufulia cha hospitali hawakuruhusiwa simu kazini. Madaktari waliruhusiwa, wahasibu waliruhusiwa, hata askari wa getini aliruhusiwa, lakini mtu wa shuka chafu akionekana na simu anaambiwa anamwibia mwajiri. Kwa hiyo Nanjala alikuwa akiificha yake ndani ya soksi, na Alhamisi ile simu ilipotetemeka mguuni, alijifanya amebanwa na haja akakimbilia choo cha wafanyakazi.

"Huyo ni Mama Joyline?" Ilikuwa sauti ya Bwana Mbithi, mwalimu mkuu wa shule ya bweni alikosoma binti yake. Hakusalimu.

"Ndiyo, mwalimu. Mtoto ni mgonjwa?"

"Mtoto si mgonjwa. Kesho asubuhi uwe hapa na mzee wako. Wazazi wote wa kidato cha kwanza wanakuja. Na uje tayari kueleza hayo majina unashona kwa blanketi za watoto. Wasichana wamekataa kulala."

"Wamekataa kulala kwa nini?"

"Wanasema ni blanketi za maiti."

Simu ikakatika. Nanjala alisimama akiwa ameegemea mlango wa choo, jasho likimtoka mgongoni ingawa Julai ile mtaa wa Upper Hill ulikuwa na baridi ya kukausha midomo. Hakuwa ameuliza ni maiti gani. Hilo ndilo lililomtisha zaidi: kwamba hakuhitaji kuuliza.

Alijua ulikotoka utepe alioandikia majina hayo.

Hospitali ile ya watu binafsi ilikuwa na mtindo wake. Kila shuka, kila gauni la mgonjwa, kila taulo ilishonewa kipande cha utepe mweupe wa pamba, kikaandikwa kwa kalamu ya wino ambao hata ukichemshwa hauondoki. Ukingoni mwa utepe palikuwa na mstari uliofumwa: wa bluu ni wa wodi, wa kijani ni wa chumba cha upasuaji, mweusi ni wa mochari. Kabla ya mtindo huo shuka zilikuwa zikipotea na wodi zikilaumiana, na anayekatwa mshahara ni nani? Ni mama wa kufua. Utepe ulimaliza ugomvi. Kisha hospitali ikafunga mochari yake, ikaanza kupeleka maiti kwingine, na rola za utepe wa mstari mweusi zikabaki stoo zikiwa bado zimefungwa kwa karatasi za kiwandani.

Muhula wa kwanza Joyline alirudi nyumbani bila blanketi. Shule ilikuwa imeamuru blanketi zote ziwe rangi moja, damu ya mzee, ili mtoto wa tajiri na wa maskini wasijulikane. Basi zikaibwa bila kujulikana vilevile. Wazazi wa kidato kizima walikuwa wakilia kilio hicho hicho. Nanjala akatazama machozi ya mtoto, akakumbuka shuka za kazini, na wazo likaingia kichwani kama mtu aliyewasha taa. Ugonjwa ulikuwa nyumbani, na dawa yake alikuwa akiishika kila siku mikononi.

Alimwendea msimamizi wake, Waithaka, akamwuliza kuhusu zile rola.

"Beba," Waithaka alimwambia, mdomo umejaa andazi. "Zinanijazia stoo. Nani anataka hizo?"

Nanjala alizibeba, akaanza kuwashonea wazazi wenzake majina ya watoto kwa bei ndogo. Lakini Waithaka alisema kwa mdomo tu. Watu wa aina ya Waithaka wanapenda kutoa kwa mdomo, kwa sababu kilichotolewa kwa mdomo hukanwa kwa mdomo.

*

Waithaka alikuwa ameshapata habari. Nesi mmoja aitwaye Becky, aliyekuwa na mpwa wake katika shule ile, alikwenda kumtembelea Jumapili, akatandua kitanda, akaona mstari mweusi na kupiga kelele bwenini: "Hii ni ya mochari!" Kufikia Jumatano hospitali ilikuwa imepigiwa simu.

Waithaka alimwita Nanjala kwenye ofisi yake ndogo nyuma ya mashine za kukausha. Kulikuwa na viti viwili. Kimoja alikikalia, kingine aliwekea koti.

"Kesho naenda huko shule kwa niaba ya hospitali," alisema. "Nimeambiwa nikasafishe jina. Sasa sikiliza, mama. Utawaambia hizo tepe uliokota kwa pipa."

"Lakini bosi, si wewe ulinipa? Ulisema nibebe."

"Nani alisikia?"

Mashine ziliunguruma.

"Ukisema uliokota, yaishe. Jumatatu unaingia kazi kama kawaida. Ukitaja jina langu, usirudi hapa. Na polisi watakuja Uthiru kukuuliza mali ya hospitali ilifikaje kwako. Unaishi kwa ploti ya nani vile?"

Hakuwa akiuliza. Alitaka tu Nanjala ajue kwamba yeye anajua.

"Niseme pipa gani?" Nanjala aliuliza.

"Pipa ni pipa."

"Bosi, tepe ina mstari mweusi. Nikisema pipa, wataelewa ni pipa la mochari. Watasema nimewashonea watoto wao vitu vilivyotolewa kwa maiti. Na mtoto wangu yuko hapo ndani."

Waithaka alichukua koti lake kitini, akalivaa, akafunga vifungo polepole kama mtu asiye na haraka na maisha ya mtu mwingine.

"Chagua," akasema.

*

Zedekiah, mumewe, alirudi jioni kutoka mjengo wa Mountain View akiwa na simiti kwenye nyusi. Nanjala alimwekea chakula, akangoja amege tonge la kwanza, kisha akamwambia yote. Tonge halikufika mdomoni.

"Ya mochari," Zedekiah alisema. "Miezi yote hiyo unashonea hapa kwa meza ninayokulia, na unajua ni ya mochari."

"Ni tepe mpya, Baba Joyline. Haijagusa mtu, aliye hai wala aliyekufa. Ilikuwa kwa karatasi yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo ningekataa!" Alipiga meza, kisha papo hapo akatupa jicho ukutani na kushusha sauti. Tangu Januari ya mwaka ule, baada ya uchaguzi, walipojifungia ndani wakisikiliza miguu ya watu ikipita nje na majina ya makabila yakitajwa, nyumba hiyo ilikuwa imejifunza kugombana kwa kunong'ona. "Na mstari wenyewe si ungekata tu? Makasi huna?"

"Ukingo ukikatwa unafumuka. Wazazi walipenda vile umekaa nadhifu. Nilifikiri nani atajua."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na alilijua. Hakuiba. Alichofanya ni kufikiri kwamba mstari anaouelewa yeye peke yake hauna maana kwa mwingine. Kwa mtu wa chumba cha kufulia, mstari ni mstari. Huwezi kufua nguo za wafu mwaka baada ya mwaka na bado ukaogopa uzi.

"Unajua sisi ni watu wa wapi?" Zedekiah aliuliza. "Unajua watasema nini? Watasema hawa wa mkoa wa magharibi ni wachawi, wameleta mambo yao kwa watoto wetu. Na mwaka huu kila redio inataja shule imechomwa na wanafunzi. Ikichomwa hiyo, itasemwa ni wewe."

"Najua."

"Sema tu uliokota. Angalau kazi ibaki. Mimi mjengo unaisha mwezi huu."

"Na Joyline?"

Zedekiah alisukuma sahani, na harufu ya mboga ya sukuma iliyopoa ikabaki kati yao. Huo ndio mtego wanaotegewa maskini nchi hii: wanapewa nafasi ya kuchagua, kisha wanaambiwa wachague mkono upi ukatwe.

*

Asubuhi Nanjala alijifunga kichwani kitambaa chake cheupe cha kanisa, kile cha akina mama wa Jumapili, ili aonekane mtu wa heshima. Ndani ya mkoba alitia kalamu ya wino, sindano, uzi, makasi, na rola moja iliyobaki, bado imefungwa karatasini. Hakujua vya nini. Mtu mwenye hofu hubeba vitu anavyovijua.

Shule ilikuwa juu kule upande wa mji wa Kikuyu, mahali ambapo ukungu wa Julai hukaa hadi mchana. Askari wa lango aliwapungia wazazi wengine waingie. Alipomfikia Nanjala akamwambia afungue mkoba.

"Ndiye huyu?" alimwuliza mwenzake.

"Ndiye."

Walimpekua wote wawili, mbele ya mumewe, na mmoja akajifuta mikono kwenye suruali alipomaliza.

Blanketi zilikuwa zimerundikwa kwenye nyasi mbele ya ukumbi wa kulia chakula, rundo la rangi ya damu ya mzee, limelowa umande. Kando yake palikuwa na mtungi wa mafuta ya taa. Wasichana walikuwa wamejazana kwenye madirisha ya bweni, wakiutazama mtungi.

Joyline alikuwa kwenye ngazi za jikoni, peke yake, amejikunja ndani ya sweta. Nanjala alimshika mikono. Ilikuwa baridi kama vyuma.

"Umelala wapi?"

"Kwa stoo ya magodoro."

"Nani alikuweka huko?"

"Wao." Mtoto aliangalia chini. "Wanasema nikipita karibu wanasikia baridi. Mmoja alizimia kwa maombi, wakasema nilimwangalia. Mama, ni kweli? Ni za watu wamekufa?"

"Hapana."

"Apa."

Kabla hajaapa, kengele ililia.

*

Ndani ya ukumbi wazazi walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Nanjala na Zedekiah walipoketi, benchi likabaki lao. Bwana Mbithi aliomba utulivu, sauti ikimtetemeka. Naye alikuwa na hofu, maana mwaka ule mwalimu mkuu alikuwa akilala na viatu, tayari kukimbilia moto.

"Kuna mgeni kutoka hospitali. Aanze yeye."

Waithaka alisimama, tai imekaa sawa. "Wazazi, poleni. Hospitali yetu haimpi mtu vifaa vyake. Haijawahi. Mama mwenyewe ni Mkristo, ataeleza alitoa wapi." Akaketi na kumtazama Nanjala kama mtu anayesubiri chenji yake.

"Aongee!" alipaza sauti baba mmoja mwenye koti la ngozi, Ndungu, aliyekuwa na duka kubwa Kikuyu. "Hawa watu tunajua mambo yao. Walianza kwao, sasa wametufikia kwa watoto."

"Mambo gani, mzee?" Zedekiah aliinuka nusu.

"Keti, Baba Joyline," Nanjala alimshika. "Tafadhali keti."

Alisimama yeye. Aliona midomo ya Waithaka ikitamka neno bila sauti: pipa.

"Nili..." Akabana mkoba kwapani. "Hizo tepe nili... niliokota..."

"Wapi?" Aliyeuliza alikuwa mama mwembamba aliyefunga leso kiunoni. Aliitwa Caren, alikuwa akiuza mboga Kangemi, na ndiye mama wa yule msichana aliyezimia. "Sema wapi, mama. Mimi nataka tu kujua mtoto wangu amelalia nini."

Swali halikuwa na hasira ndani yake. Lilikuwa na hofu ile ile ya Nanjala, ya mzazi, tupu kabisa. Nanjala akageuza uso, na kupitia dirishani akamwona Joyline pale ngazini, ameweka mikono chini ya makwapa, akimtazama mamake na kungoja kiapo.

"Sikuokota," akasema.

Waithaka akakohoa.

"Sikuokota. Ni tepe za mochari, huo ni ukweli. Mstari mweusi ni wa mochari. Lakini mochari ilifungwa kabla hazijatumika. Zilikuwa stoo, kwa karatasi. Nilimwomba msimamizi wangu, huyu hapa, Bwana Waithaka. Akaniambia nibebe. Kosa langu ni moja: nilijua mstari ni wa nini na sikuwaambia. Niliogopa hamtanunua. Kwa hilo nipigeni. Lakini maiti hakuna."

"Uongo!" Waithaka alisimama. "Huyu mwanamke ni mwizi!"

Nanjala alitoa rola mkobani. Karatasi yake ililia. "Hii ndiyo ya mwisho. Haijafunguliwa. Mzee, wewe uliyesema unajua mambo yetu, ifungue uone kama imegusa mtu."

Alimnyoshea Ndungu. Ndungu, mtu mzima na koti lake la ngozi, alirudisha mikono nyuma kama aliyenyoshewa nyoka. Mtu mmoja nyuma akacheka.

Caren ndiye aliyeinuka. Aliipokea, akaitazama huku na huku, akaivuta gundi ya kiwandani kwa kucha. Ilikataa, kisha ikaachia kwa mlio mkavu. Utepe ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Inanuka duka," Caren akasema, akamkabidhi Zedekiah rola.

Waithaka alipita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni. Alipofika karibu na Nanjala aliinama kidogo. "Jumatatu usije. Na polisi, wangoje." Alilisema kwa upole, kama mtu anayemwambia mtu kwaheri. Kazi ilikuwa imekwisha. Polisi huenda wangekuja kweli, huenda wasije, na kungoja huko ndiko kungekuwa adhabu.

*

Ukweli haukuwafurahisha wazazi. Walitoka nje wakinung'unika. Nusu yao walikuwa wameamini, nusu walisema mstari wa mochari ni mstari wa mochari hata uwe mpya, na wote walikuwa na baridi. Bwana Mbithi aliinua mtungi wa mafuta ya taa.

"Tuchome tumalize. Wasichana waone kwa macho."

"Ngoja, mwalimu," Caren akasema. "Ukichoma hii, Philister wangu atajifunika nini leo? Utamnunulia?"

Mwalimu mkuu aliutazama mtungi.

"Si nauliza? Au hiyo pesa iko kwa hilo koti la mzee?"

Ndungu akajifanya hajasikia. Caren alikwenda kwenye rundo, akapekua, akapata blanketi yenye jina la bintiye, akaukata uzi kwa meno. Utepe akautupa kwenye nyasi. Blanketi akaikung'uta, akaikunja, akaikumbatia.

Basi wote wakamfuata. Askari alileta wembe. Waliokuwa wakiogopa kugusa sasa walisukumana wasije wakakosa. Tepe zilidondoka kwenye nyasi zilizolowa, vipande vyeupe vyenye ukingo mweusi, na majina ya watoto yakakanyagwa kwa viatu vya wazazi wao. Wino haukufutika. Nanjala aliinama akaanza kuyaokota, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuyaona matopeni. Joyline alishuka ngazi, akaja kuinama kando yake. Waliyaokota wote wawili.

Kelele ilianza upande wa rundo.

"Wee, mama, hiyo ni ya Waringa wangu," Ndungu alikuwa akisema.

"Waringa gani? Hii ni ya Philister. Nimeiweka chini sasa hivi nimsaidie huyu mama."

"Yangu ni mpya. Nilinunua mjini."

"Na yangu nilinunua kuzimu? Iachilie!"

"Unajuaje ni yako?"

"Na wewe unajuaje?"

Walivutana, damu ya mzee ikanyooka kati yao kama ngozi ya mbuzi. Nyuma yao mama wengine wawili walikuwa wameshaanza, na mwingine alikuwa akilia kwamba aliyoshika ina tundu na yake haikuwa na tundu. Rangi ile ile, ukubwa ule ule. Jina la nani lilikuwa kwenye ipi, hakuna aliyejua tena. Madirishani wasichana walianza kucheka, kwanza kwa kujificha, halafu wazi.

Caren ndiye aliyekoma kwanza. Aliachilia upande wake, Ndungu nusura aanguke chali. Mama huyo aligeuka akamtazama Nanjala. Mmoja mmoja wengine nao wakageuka, hadi kelele ikaisha na kukawa na ukungu tu na pumzi za watu.

Nanjala alisimama, magoti yamelowa. Bado aliogopa. Aliogopa Jumatatu, aliogopa mlango wao wa Uthiru kugongwa, aliogopa macho haya yote. Akaitazama rola ya mstari mweusi mkononi mwa Zedekiah, na akajua hiyo haitagusa blanketi ya mtoto tena. Akapeleka mikono kisogoni, akafungua fundo la kitambaa chake cheupe cha kanisa, akakivua mbele ya watu, nywele zake za kusuka ovyo zikabaki wazi. Aliuma pindo kwa meno akapasua ukanda mrefu. Zedekiah alisogea bila kuambiwa, akashika ncha ya pili na kuivuta ikanyooka.

Joyline akampa mama kalamu. Kisha akaiokota blanketi iliyokuwa kati ya Ndungu na Caren, akaitandaza juu ya magoti yake.

"Hii muamue wenyewe ni ya nani," Nanjala akasema. Akafungua kifuniko cha kalamu kwa meno. "Niambieni tu. Jina la mtoto ni nani?"